Maggie wa Kitanda cha Tisa

Niliamka, Kiingereza kimeondoka.
Hakikuaga. Miaka thelathini na minne nimekiendesha
pamoja na basi, kutoka Belgrave hadi Oadby:
shikeni vyuma, mlango unafungwa, samahani mama.
Usiku mmoja wa Februari damu ikaganda kichwani
nacho kikashuka kituo nisichokijua.

Kilichobaki ni cha Tabora, cha mama.
Nikaita: Maji!
Gillian wa zamu ya mchana, mzaliwa wa Wigston,
viganja vyake vina joto la mkate,
akainama. "Maggie? Maggie ndiye nani, mpenzi?"
Maji! Maji!
Akapekua faili. Mke: Zuhura, marehemu.
Akampigia simu mpwa wangu Coventry,
akauliza kwa adabu, sauti chini,
kama mjomba alikuwa na mtu.
Kisha akaandika ubaoni, juu ya kichwa changu,
MAGGIE, akachora na ua.
Ulimi umekauka kama soli ya kiatu,
nami nimeozwa.

Sitamsema vibaya. Alitafuta.
Wapo wasiotafuta.

Usiku wa pili alikuja Oyinkansola, wa Ibadan.
Hakuiamini mashine peke yake. Alinifunua mdomo,
akamulika ufizi kwa tochi ndogo,
akamwambia mwanafunzi aliyekuwa akinitazama shavuni:
"Ngozi hii haitakuonyesha buluu.
Hapa ndipo inaposema kweli."
Wakaleta oksijeni, mbio.
Maji, hapana.

Wa tatu, Bhavini Raichura.
Kazaliwa hapa hapa Leicester, Kiswahili hakijui.
Ila bibi yake alitoka Jinja mwaka ule wa kufukuzwa
na sanduku moja, na maneno ya jikoni
ambayo hakuna askari aliyefikiria kuyapekua.
"Maji?" Akasimama. "Wewe nataka maji?"

Nakifahamu Kiswahili hicho. Hakina ngeli, hakina tafadhali.
Kilikuwa cha kuamrisha: lete maji, washa moto, kesho kuja mapema.
Baba yangu aliamrishwa nacho nyuma ya duka,
mtu mzima, mwenye wake na mashamba, anaitwa boi.
Kimezunguka dunia nusu karne,
kimerudi kimevaa sare ya muuguzi,
kimechuchumaa hadi macho yetu yakalingana:
"Maji hapana sasa, Mzee. Koo yako nalala.
Wewe kunywa, maji nakwenda kwa pafu. Ngoja kidogo."

Kumbe.
Siku tatu nilidhani nimenyimwa.
Akachovya sifongo, akanipaka midomo,
nikalia, na si kwa kiu.

Asubuhi Gillian alifundishwa. "Ma-ji," akasema,
uso mwekundu hadi masikioni,
akafuta jina. Ua akaliacha.

Siku hizi Kiingereza kinarudi, kinachechemea,
mkono wa kushoto bado ni mgeni wangu.
Bhavini namsomesha: koo limelala, binti, si koo nalala.
Anasahau. Namwacha asahau.
Maji nanywa mazito, kwa kijiko, kama uji.
Nikiyataka nabonyeza kengele,
na yeyote atakayekuja, awe wa Wigston au wa Ibadan,
namnong'oneza kama mwenye siri:
niitie Maggie.