Pimamaji

Nilifika Kampala na kanda ya mita thelathini,
kalamu mbili za wino, moja imeziba,
na barua ya chuo yenye mihuri mitatu.
Majuma manane, ilisema.
Kwetu Tanga, Ngamiani, barabara zimepewa namba
kama watoto mstarini, na ardhi imelala mkeka.
Hapa barabara hupanda kilima,
husahau ilichofuata,
huteremka.

Bi Akullo alitugawia mitaa kama mgawa karata.
Wenzangu Nakasero, vibaraza virefu, mijakaranda.
Mimi na Ssempewo, Bwaise.
"Chora kilichopo," alisema. "Ndoto utaichora kwenu."

Kilichopo: vyumba viwili vya Nalongo Nansikombi,
upana mita tatu na sentimita arobaini,
mlangoni kizingiti cha tofali nne
chenye alama ya kiganja cha mtoto kwenye saruji.
Kuingia unapanda, kisha unashuka
kama aingiaye birikani.
Nikaandika pembeni: kosa la ujenzi.
Hati yangu ni nzuri. Naionea haya hadi leo.

Nikaiweka pimamaji dirishani.
Kiputo kikakimbilia kushoto.
Nikaiweka tena. Kushoto.
"Mama, nyumba yako imeinama."
Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua uso.
"Inauamkia mtaro. Jirani mkubwa huamkiwa."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunja-vunja;
alikisikia kwanza kwa wenye bunduki, enzi zile,
wakigonga milango usiku.
Kumbe, aliniambia wiki ya tatu,
kinajua pia kuomba chumvi.

Wiki ya tano akanifungulia pazia la kitandani.
Ukutani, mistari ya mkaa.
Usawa wa goti: Mei, Kato ana surua.
Usawa wa kitanda: godoro lilielea,
pacha wakalala juu ya meza, wakacheka usiku kucha.
Na mmoja wa juu, karibu na kidevu changu,
usioandikwa kitu.
Nikaunyooshea kidole.
"Huo," akasema, "acha."

Sikuuliza. Nikainua pimamaji,
nikaiweka juu ya mstari huo, taratibu,
kama mtu anayempima mgonjwa homa.
Kiputo kikasita, kikarudi,
kikasimama katikati.
Sakafu imepinda, dirisha limepinda, paa ndiyo usiseme;
katika nyumba nzima
maji peke yake yaliandika kwa unyoofu.

Siku ya kuonyesha kazi, mabwana watatu wa tai
walitaka kujua kwa nini sifuri yangu
haiko sakafuni kama tulivyofundishwa,
kwa nini vipimo vyote vinahesabiwa
kutoka kwenye mkaa kushuka chini.
Nikajibu vibaya, kwa kigugumizi.
"Na pendekezo lako?"
Tofali moja, nikasema. La tano.
Mmoja akacheka, si kwa ubaya.
Alama: wastani.

Tofali tuliliweka Jumamosi.
Ssempewo alichanganya saruji nyepesi mno,
Nalongo akaimwaga, akaichanganya mwenyewe.
Safari hii Wasswa ndiye aliyebandika kiganja.

Oktoba, nimesharudi Ngamiani,
simu ikalia saa nane za usiku.
Mvua, alisema Ssempewo, tangu magharibi.
Nikamsikia akitembea majini.
"Imefika wapi?"
"Ngoja," akasema.
"Nalongo anatafuta mkaa."