Kiputo cha Novemba

Nje ya Lima, kwenye bonde lisilonyesha,
maelfu ya antena yamelala juu ya kokoto,
na Nélida Huarcaya analitazama jua likizama,
si kwa rangi, kwa dakika.
Saa kumi na mbili na robo. Sasa.

Huko juu, kilomita mia tatu,
mwanga ukikatika tabaka la chini hukonda upesi,
elektroni zinarudiana na ioni zao
kama wanandoa waliotengana tangu asubuhi.
La juu linabaki zito, umeme wa machweo umeliinua,
zito juu ya jepesi,
na kizito hakikai juu milele
bila kuutamani upande wa chini.

Kwenye kompyuta ameligawa anga vyumba,
elfu moja kwa mia nane,
kila chumba na namba yake, kila namba na jirani.
Juzi hesabu zilipasuka dakika ya arobaini:
chumba kimoja kilikuwa na elektroni hasi,
yaani pungufu ya kutokuwepo.
Alicheka peke yake. Akafupisha hatua.

Lakini tabaka lililotulia halijipindui.
Lazima ulitie dosari.
Alitia wimbi dogo, asilimia tatu,
kwa mkono wake,
na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kiputo kikainuka.
Shingo nyembamba, kichwa kikigawanyika matawi,
kikapanda kikiwa kimebeba utupu wake
kama mtu aliyebeba siri.
Kizuri. Jana pia kilipanda hivihivi,
upepo uleule, umeme uleule,
na rada usiku kucha haikuona kitu.

Saa mbili na dakika kumi, simu.
Kaka yake Wilmer, mpima ardhi wa mgodini:
“Nimesimama palepale, dada,
kifaa kinasema nimesogea mita nne mashariki.”

Anageukia skrini ya rada.
Kipo.
Kinakwenda mashariki taratibu, kikipasua mawimbi ya setilaiti.

Basi nani amekitia hicho dosari?
Wingu la ngurumo upande wa Amazoni?
Wimbi lililotoka mlimani alasiri, likakawia njiani?
Anafuta asilimia tatu zake.
Anaandika sifuri, anabonyeza,
anamimina emoliente ya mwisho kutoka kwenye chupa,
ya uvuguvugu tu, yenye machicha.

Vyumba laki nane vimenyamaza.

Kabla ya saa nne, Wilmer tena:
“Nimerudi.”