Wa Tano

Shangazi Verla aliniachia yadi ya kokoto
na bahasha kumi na saba za mbegu,
kila moja na penseli yake nzito,
hati ya mtu asiyependa kuulizwa mara mbili:
*Usinyweshe. Nimesema, usinyweshe.*

Nami nikatoka na mpira wa maji kila jioni,
maana Julai ya Utah hukausha hata mate,
na nani mwenye moyo
atatazama jani likisinyaa, mikono mfukoni?

Penstemoni hazikulalamika.
Zilinenepa, zikalala ubavu.
Niliposhika moja ikanijia nzima, teketeke,
shingo imeoza kama kitunguu kilichosahauliwa.
Tisa kwa toroli moja.

Mzee Orrin akavuka barabara,
akachomeka kidole udongoni, akacheka puani:
"Unazipa supu.
Hawa ni watoto wa mwamba. Wamelelewa na njaa."

Novemba nikamwaga mbegu juu ya changarawe.
Zinanuka soksi, Mungu anisamehe.
Sikufukia, sikupapasa,
theluji ikaja ikafunga mlango.
Baridi ndiyo jogoo wake: bila kuwikiwa
haziamki.

Mwaka wa kwanza, majani tu,
yamejibana chini kama sahani za kijivu.
Nilipita kando yake nikijifunza kutofanya kitu,
kazi ngumu kuliko kulima.

Mwaka wa pili zikasimama hadi kifuani pangu,
waridi hafifu, harufu ya asali,
na bambi aliyejaa manyoya akaingia ua mzima mzima,
makalio tu nje, yakitetema.

Nikapasua ua moja kwa ukucha.
Nyuzi nne zimebeba chavua.
Wa tano haukubeba kitu,
umefuga ndevu za dhahabu tu,
umelala mlangoni, kwenye sakafu ya koo,
na mdudu hapiti bila kuugusa.

Verla alikuwa wa tano.
Kaka wanne, na uzao wao
ulijaza mabenchi manane siku ya maziko,
na nyuma yangu mtu akanong'ona:
masikini, hakuacha mtu.

Agosti vikonyo vimekauka, vinacheza kayamba.
Mmoja umejiotea wenyewe
kwenye ufa wa saruji, chini ya sanduku la barua,
mahali ambapo sikuwahi kuweka hata tone.
Naukung'uta juu ya bahasha mpya,
nalamba penseli,
naandika.
*Usinyweshe.*