Kidevu Juu Kidogo

Miaka ishirini na tisa nilisema maneno yale yale:
kaa wima, kidevu juu kidogo, usicheke.
Studio yangu ilikuwa ghorofani, nyuma ya soko la Nakuru:
kiti cha kuzunguka, taa mbili, mwavuli mweupe,
na ukuta mzima wa ziwa la rangi ya mafuta
alilolichora Ogutu kwa wiki tatu na kreti ya soda.
Maji ya samawati. Heroe wengi kupita kiasi,
mmoja ana miguu mitatu,
na hakuna mteja aliyewahi kuhesabu.

Mbele ya ziwa hilo walisimama
watu wanaokaa hatua chache kutoka ziwa lenyewe
na ambao hawajawahi kulipa langoni:
maharusi, watoto wa kipaimara,
Nyakerario wa Mwariki na wanawe wanne,
aliyeomba nakala ya ziada, isiyo na watu,
ndege peke yao,
apeleke duka la rangi.

Kisha simu zikaimeza kazi.
Nilibaki na kamera hii, inaenea mfuko wa sweta,
niliuziwa na fundi wa saa aliyeapa kwamba ni nzima.
Lenzi yake hutoka kwa mlio,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kudai deni.
Inavuta mara thelathini.

Leo nimelipa langoni.

Nyati wa kwanza alinikazia macho bila kucheka,
pembe zimegawanyika katikati kama nywele za karani.
Huyu, nikasema, angepata pasipoti siku hiyo hiyo.
Kifaru alikataa. Alinigeuzia makalio,
Cherotich akazima injini, tukangoja
mpaka chai ya chupa ikapoa,
na makalio ndiyo niliyoyapiga, kwa heshima zote.
Swala walitoka bila vichwa:
kitufe kinachelewa nusu pumzi,
na katika nusu pumzi hiyo
swala ameshakuwa mahali pengine.

Na heroe?
Wamehama, akasema Cherotich. Maji yamepanda,
chumvi imezimuka
kama chai inayoongezwa maji wageni wakizidi.
Palipokuwa na ufuko
pamesimama migunga iliyokufa wima,
rangi ya mfupa, maji kiunoni,
na barabara ya zamani inaingia ziwani
bila kupunguza mwendo.

Tukapanda jabali la nyani.
Nyani mmoja akaiangalia kamera, akaangalia ndizi yangu,
akaamua.
Nikabaki na kamera.

Nikavuta. Kumi. Ishirini.
Mkono ukatetema, ziwa zima likatetema.
Thelathini: na ng'ambo ile, nje ya seng'enge,
waridi.

Wapo! nikamwambia Cherotich. Wamerudi!
Nikabana viwiko mbavuni, nikafunga pumzi,
nilivyokuwa nikifanya kwa watoto wasiotulia.
Doa likajikusanya taratibu.
Lilikuwa na kona.
Lilikuwa na dirisha, na maji yamefika kwenye dirisha,
na juu ya mabati amekaa mwari
mnene, mkavu, kama aliyelipa kodi.

Ile rangi naijua. Ogutu aliichanganya sakafuni kwangu,
nyekundu kidogo, nyeupe nyingi,
doa lake lilibaki kwenye saruji mpaka nilipofunga.

Mwari akageuza uso,
akainua mdomo wake mrefu,
kidevu juu kidogo.
Nikabonyeza.

Cherotich akauliza nimepata nini.
Nikampa kamera. Akaiinamia, akaikinga jua kwa kiganja.
Picha ina chenga, akasema.
Ni mbali, nikasema.
Akainua macho, akatazama ng'ambo bila lenzi.
Si mbali, akasema. Ni pale tu.

Taa ya betri ikaanza kupepesa.
Lenzi ikarudi ndani, ikasafisha koo,
haikudai kitu.