Laki Nne na Sitini

Saa tisa za usiku, Barabara ya Kumi na Nne,
nahesabu misumari ya bati.
Kila msumari una jina:
huu wa Shechambo wa duka la spea,
huu wa kikoba cha mke wangu, naye hajui,
na ule uliolegea, unaovuja masika,
ni wa wale kausha damu wa karibu na stendi.
Nilichukua laki mbili. Leo ni laki nne na sitini.
Sijaongeza hata mia. Imezaa yenyewe,
kama panya, darini, gizani.

Simu nimeizima tangu Jumatatu.
Nimetoa na betri, nimeifukia kwenye debe la unga,
na bado naisikia ikitetemeka.
Naapa. Naisikia humo ungani.
Nanyanyuka, nafukua, naishika: baridi, kimya.
Narudi kitandani na weupe viganjani
kama mtu aliyetoka kuzika.

Mchana nageuza baiskeli ya mteja magurudumu juu,
nazungusha pedeli,
nasahau nilikuwa natafuta nini.
Gurudumu linazunguka. Linazunguka.
Mtoto ananiuliza, "Fundi, mbona unalia?"
Grisi, namwambia. Grisi imeingia jichoni.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hawakusema maiti wa hayo matanga
huamka, hunywa chai kavu, huenda kazini.

Mwanakombo ndiye aliyeikuta simu, akisonga uji.
Hakupiga kelele. Aliipangusa kwa ncha ya kanga,
akaketi kizingitini muda mrefu,
kisha akasema: "Vaa shati."

Bombo. Foleni. Benchi la mbao.
Nesi kijana, kalamu yake imefungwa plasta:
"Baba, usiku unalala?"
Nikamjibu: "Laki nne na sitini."
Sikukusudia. Ndilo jibu lililokuwa mdomoni.
Hakucheka. Aliandika.
Mke wangu akageuka kunitazama
taratibu, kama anayesoma bili ya maji,
namba zote, hadi ile ya chini kabisa.

Tulirudi kwa miguu kuokoa nauli.
Deni halijapungua hata senti.
Pale Chumbageni akanunua muhogo wa kuchoma,
akaukata vipande viwili visivyolingana,
akanipa kikubwa.
"Kula," akasema. "Halafu unitajie wote.
Jina kwa jina."

Usiku ule nilianza na msumari unaovuja.