Sekunde Arobaini

Filamu ya kwanza ya Kashindye, kwenye shuka jeupe
tulilolitundika ukutani pale Isevya,
ilikuwa mama yake mdogo, Nyanzala,
akilia peke yake jikoni, kanga mdomoni,
picha imeibwa kupitia tundu la pazia.

Darasa likacheka. Mmoja akasema: nirushie.

Sikugomba. Nilizima projekta, nikamuuliza:
"Ulipiga hodi?"
"Mwalimu, simu haipigi hodi."
"Na mkono ulioishika?"

Nje, treni ya Kigoma ikapita taratibu,
tukaisubiri, maana hushindani nayo kwa sauti.
Akafuta. Nilikiona kidole kikisita.

Jumamosi akaja na nyingine.
Mlango tu. Wa bluu, rangi imebanduka,
ndala mbili kizingitini, ndoo ya asali imefunikwa.
Sauti yake: "Hodi."
Kimya.
"Hodi, mama."
Kuku akapita, akaitazama kamera, akaenda zake.
Kisha, kutoka ndani, bila uso:
"Ngoja kwanza, mwanangu."

Akangoja. Sekunde arobaini, nilizihesabu.
Hakuna aliyecheka,
ila Mgalula, kule nyuma, akanong'ona:
"Mbona haingii?"
"Hajaambiwa karibu," wakamjibu.