Miguu Iliyobaki Sakafuni

Karatasi ilikuwa fupi.
Hilo nilisema mwanzo, kabla hamjaisoma ripoti.

Bi Ruhaina alikuja Wete kutoka chuoni Unguja
na marobota ya karatasi, rangi za nta, biskuti katoni mbili.
Akatukusanya skuli, darasa la Tatu B,
sisi tuliozaliwa kule walikokimbilia wazee wetu.
"Leo hakuna dodoso," akasema. "Lala chini,
mwenzako akuchore akuzunguke,
kisha ujaze mwenyewe: nyumbani ni wapi mwilini mwako?"

Shaame: "Kwangu mimi tumboni."
Akachora anjera, juu yake pweza wa nazi.
Tukacheka, mate yakitutoka.

Nikalala. Hidaya akanizunguka na rangi nyekundu,
sikio, bega, kwapa (alinitekenya, makusudi),
alipofika magotini karatasi ikesha.
"Twende tu," nikamwambia.
Akapita juu ya saruji.

Kwenye ulimi nikaandika:
Kule, Mswahili. Huku, Msomali.
Kifuani: Mwaka wa nane huu wanatuita waliorudi.
Mtu hurudi mpaka lini?
Na nimerudije nisikopata kufika?

Kiganjani nikamchora sheha, na muhuri wake mezani.
"Weye mwana wa nani?"
Nikamtajia baba, babu, baba wa babu,
nikashuka nao mpaka kaburini Mtambwe.
Akasikiliza wote, hakumkata hata mmoja.
"Vyema," akasema. "Una karatasi?"

Ikaja fomu ya ridhaa. Chagua jina la bandia,
kwa usalama wako.
Bi Ruhaina, nikasema, kambini nilikuwa nambari.
Mpakani karani alinipunguza herufi mbili, akaniambia zinatosha.
Mimi Dekha binti Faki Makame.
Liandike lilivyo.
Akatafuna kalamu. "Kanuni za chuo," akasema, chini chini,
kama mtu anayeomba radhi kwa kosa la ndugu yake.
Tukaafikiana nusu: kwenye picha, mimi;
kwenye ripoti, Mshiriki wa Saba.

Kesho yake akaikunja miili yetu, akaifunga kwa mpira,
ikapanda boti ya asubuhi.
Wangu ulikwenda bila miguu.

Mfagizi wa skuli anaitwa Mgeni.
Jina tu hilo; kazaliwa hapo Bopwe,
na kitovu chake kimezikwa hapo hapo.
Alisugua kwa kumbi na sabuni ya kipande.
Nta haikubali.
"Nyayo za nani hizi?"
"Zangu."
Akazitazama, akanitazama ndara zangu.
"Kubwa," akasema.
Akashika fagio,
akafagia darasa zima
akizizunguka.